Redio Zilizomeza Kilio

Usigeuze uso. Wewe ndiye unayeambiwa, na unajua kwa nini. Ukuta wako na wa jirani ni mmoja, na uliyoyasikia kupitia ukuta huo unayakumbuka. Ulikohoa. Ulihamisha kiti. Uliwaita watoto ndani, kisha ukanyoosha mkono kwenye redio, ukaongeza sauti kidogo, ukaongeza tena, mpaka mtangazaji akawa anapayuka kama mtu wa mnadani. Asubuhi ukakutana na mwenye mkono uliopiga, ukamwuliza habari za nyumbani. Akasema nzuri. Nawe ukashukuru, eti nzuri! Basi kaa hapa leo. Hadithi hii ni ya redio, na redio haina adabu ya kusahau kama uliyo nayo wewe.

Palikuwa na ua mmoja wa vyumba vya kupanga. Vyumba vilitazamana kama ndugu waliogombana, bomba la maji katikati, kamba za nguo juu, na geti la bati ambalo likifunguliwa mtaa mzima unajua. Mwenye ua alikuwa mjane mmoja mnene, mwenye funguo nyingi kiunoni na maneno machache mdomoni. Walimwita Bi Mkubwa. Kila mpangaji mpya alipewa ufunguo pamoja na sheria: zamu ya kufagia, zamu ya choo, taa zisiachwe zikiwaka bure. Sheria ya mwisho Bi Mkubwa aliisema akitazama pembeni, kana kwamba anaiambia ile kamba ya nguo.

"Hapa tunaishi kwa heshima. Ukisikia jambo chumba cha mwisho, ongeza sauti."

Chumba cha mwisho aliishi Mpole na mkewe. Mpole ni jina alilopewa na ua, na lilimkaa kama shati la kushonewa. Alikuwa karani wa ghala, kola yake imesimama, viatu vyake vinang'aa hata mvua ikinyesha. Hakupita mbele ya mlango wa mtu bila kusema samahani. Ndoo yako ikiwa njiani, yeye ndiye anayeomba radhi. Mkewe walimwita Bibi Arusi, kwa kuwa aliletwa pale akiwa bado na gauni lake la harusi mwilini. Miaka ikapita, gauni likachanika likawa matambara ya kusafishia sakafu, naye bado akaitwa Bibi Arusi. Hakuna aliyewahi kumwuliza jina.

Basi ikawa desturi. Kinyozi, ambaye chumba chake kilipakana na kile cha mwisho, ndiye aliyetangulia kuongeza. Wa mbele yake akamfuata, na wa mbele yake, mpaka kwa Bi Mkubwa getini, na wote walifungulia stesheni moja ili isionekane ni fujo. Mpita njia angedhani ua ule unapenda muziki.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti lile la bati, palikuwa na kibanda cha fundi redio. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mvi mbili tatu zilizosimama wima kichwani, na ndiyo maana wakamwita Antena. Kazi hiyo hakusomea popote. Alifungua redio ya kwanza kwa kisu cha jikoni kwa sababu alitaka kuona wale watu waliokuwa wakizungumza humo wamekaaje. Hakuwaona, na tangu hapo hakuacha kuwatafuta.

Siku moja mchana, kinyozi alivuka barabara na redio yake kwapani.

"Shikamoo, shangazi. Hii redio imeingiliwa."

"Marahaba. Imeingiliwa na nini, mende?"

"Ingekuwa mende ningemkaribisha kiti. Imeingiliwa na mwanamke."

"Na wewe ndiye wa kulalamika? Si wanasema mwanamke kwako hamalizi wiki?"

"Ndiyo ajabu yake, shangazi! Huyu sijamleta mimi, na kuondoka hataki."

Wakacheka. Antena akaiwasha. Mpira ulikuwa unatangazwa, mtangazaji anakimbia na maneno kuliko wachezaji wanavyokimbia na mpira. Kisha, pale mtangazaji alipovuta pumzi, kwenye kale kanafasi kadogo, ikaja sauti. Haikupiga kelele. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kupiga kelele zamani zikaisha.

*Jamani majirani.*

Mpira ukaendelea. Kinyozi alikuwa bado ameacha mdomo wazi kwa kicheko, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kimeondoka.

"Ni stesheni zinaingiliana, au siyo?" akauliza.

"Huenda," alisema Antena. "Iache."

Alipobaki peke yake alichukua bisibisi akafungua kava. Alipangusa vumbi. Alikagua waya mmoja baada ya mwingine, akachomelea upya palipolegea, akaifunga. *Jamani majirani.* Akatoa betri. Mtangazaji alikatika katikati ya neno, kama inavyopasa. Ile sauti nyingine haikukatika. Akang'oa spika yenyewe akaiweka mezani mbali kabisa, akainua lile boksi tupu, plastiki tu na matundu yake, akalisogeza sikioni.

Ndani yake mtu alikuwa anapumua.

Antena aliliweka boksi chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Nje palikuwa na jua kali, watu wanapita na mizigo yao, muuza maji anaita wateja. Alitamani ingekuwa usiku, walau angesema ni giza linamchezea.

Hazikupita siku nyingi redio nyingine zikafuata njia ileile. Zote zilitoka geti la bati. Redio za mitaa mingine, zilizokuwa zimelala kwenye rafu lilelile, ziliimba na kukoroma kama redio zote za dunia. Za ua ule peke yake ndizo zilizokuwa na mtu ndani. Mwisho kabisa akaja Bi Mkubwa mwenyewe, amebeba redio kubwa ya mbao, ameivalisha juu kitambaa cheupe cha kufuma.

"Yangu inalia," alisema.

"Inalia nini, dada?"

"Inalia tu. Wewe zibua."

"Redio si sinki, dada. Nizibue nini?" Antena akamtazama. "Na wewe sauti ile huijui?"

Bi Mkubwa akarekebisha kitambaa chake, ingawa kilikuwa kimekaa sawa. "Wagombanao ndio wapatanao," alisema. "Mambo ya mume na mke, ukiyaingilia, kesho wao wamelala kitanda kimoja, wewe umebaki na aibu yako. Tengeneza redio, fundi. Hilo ndilo ulilojaliwa."

Akaondoka, funguo zinalia kiunoni. Methali ni mali ya wote, na kila mtu huichota anapotaka kunawa mikono. Lakini hiyo ni ya wagombanao. Kule chumba cha mwisho hapakuwa na wagombanao. Palikuwa na mmoja anayepiga na mmoja anayepigwa, na kwa hao wawili wazee hawakuacha methali ya kuegemea.

Jioni ile, kabla ya kufunga, Antena alizipanga zile redio kwenye rafu kama vyumba vyenyewe vilivyopangwa uani: ya kinyozi mwisho kabisa, kisha ya jirani yake, mpaka ya Bi Mkubwa mwanzoni. Alizipanga bila kujua kwa nini mkono wake unafanya hivyo. Kisha akakaa kwenye kigoda, jua linaingia kwa ubavu, akasikiliza.

Kila redio ilikuwa imemeza kipande chake. Kila mkono ulipoongeza sauti, redio ilikuwa imefunika kitu, na kile ilichokifunika ilikitunza. Ya kinyozi ilikuwa na mianzo: *nisamehe, sitarudia, si hivyo, nisikilize kwanza.* Za katikati zilikuwa na vishindo, kiti kinaburutwa, chombo cha bati kinazunguka sakafuni mpaka kinatulia. Ya Bi Mkubwa, iliyokuwa mbali kuliko zote, ilikuwa na miisho: kwikwi, maji yanamiminwa, na wimbo mdogo usio na maneno, kama mtu anayejibembeleza mwenyewe. Na mle mote, kutoka chumba hadi chumba, ilipita sentensi moja iliyokatwakatwa, ambayo ukiisikiliza rafu zima unaipata nzima.

*Jamani majirani, mimi nipo hapa, mnanisikia, najua mnanisikia.*

Hapo Antena akakumbuka. Bibi Arusi aliwahi kufika kibandani, mara moja tu, ameleta redio ya mumewe iliyopasuka kona. Alijifunga mtandio mpaka kidevuni na joto lile. Alisema imeanguka. Antena alitazama ule mpasuko, akaona kuwa redio ile haikuanguka bali ilirushwa, na kuna kitu kilichoipokea. Bibi Arusi alisimama akitazama waya na vidude ndani ya redio, kisha akauliza, kama mtoto anayeuliza jambo la shule:

"Fundi, redio inaweza kupeleka sauti? Badala ya kuleta tu?"

Antena alicheka. "Hapana, mama. Hii inaleta tu. Za kupeleka wanazo wenye stesheni."

"Basi," alisema Bibi Arusi. "Nilidhani labda ukiongea karibu sana."

Akachukua redio yake akaondoka. Nani angejua kuwa lile lilikuwa ndilo swali pekee alilobakiwa nalo?

Antena alifunga kibanda akiapa kwamba kukikucha anavuka barabara. Kulipokucha alifika kazini mapema, akafungua mbao za dirisha, akasimama mbele ya rafu.

Redio zilikuwa kimya.

Akagonga ya kinyozi kwa kidole. Akainamia ya Bi Mkubwa. Hakuna kwikwi, hakuna wimbo, hakuna pumzi. Zilikuwa plastiki na mbao na waya, kama alivyotaka siku zote ziwe. Wateja walikuwa wameomba kitu hichohicho. Naye, aliyekuwa hajaogopa sauti zilipokuwepo, sasa nywele zilimsimama mpaka zile mvi zake zikapata wenzao. Mtu anayeita ana matumaini kidogo. Anapoacha kuita, fungua macho.

Aliacha kibanda wazi, bisibisi mfukoni, akavuka.

Ua ulikuwa umetulia kwa namna ambayo haujawahi. Redio zote zilikuwa kwake, kwa hiyo hapakuwa na muziki wala matangazo, ila redio moja tu iliyokuwa ikiunguruma chumba cha mwisho, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Mlango wa chumba hicho ulikuwa na kufuli nje. Na Mpole alikuwa hapo hapo barazani, anafuta kiatu chake kwa leso.

"Shikamoo, mama fundi," alisema. "Samahani kwa kelele."

"Marahaba. Bibi Arusi yuko wapi?"

"Amesafiri kwao. Mama yake mgonjwa." Alitabasamu kwa huruma, kama vile ni Antena aliyefiwa. "Aliwaaga wote."

Antena akageuka. Kinyozi alikuwa bombani na mswaki mdomoni. "Alikuaga wewe?"

Kinyozi akatema povu. "Mimi? Labda nilikuwa nimelala."

"Na wewe dada, mwenye geti linalolia mpaka sokoni? Umelisikia likifunguliwa?"

Bi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkono juu ya funguo.

"Na redio inamwimbia nani humo ndani?" Antena akamwuliza Mpole.

"Wezi, mama. Wakisikia redio wanajua kuna mtu."

"Basi wezi wana akili kutuzidi," alisema Antena. "Dada, zima umeme."

Swichi kuu ya ua ilikuwa ukutani, pembeni ya mlango wa Bi Mkubwa, ndani ya kisanduku cha chuma chenye ufunguo, na ufunguo ulikuwa kiunoni kwake. Watu walianza kuchungulia milangoni. Mpole aliacha kufuta kiatu.

"Bi Mkubwa," alisema, na sauti yake ilikuwa bado laini, laini kama kisu kilichonolewa, "nimekaa hapa miaka. Nimewahi kukukosea adabu?"

"Hapana, mwanangu," alisema Bi Mkubwa. "Hujawahi."

"Basi mwambie fundi aende kwenye kazi yake."

Bi Mkubwa alitazama chini. Vidole vyake vilikuwa vinapita juu ya funguo, moja baada ya nyingine, kwa mazoea, na vilipofika kwenye ule mdogo wa kisanduku vikasimama. Alisimama hivyo muda wa kutosha nguo kambani kugeuka upande kwa upepo. Kisha akafungua kisanduku, akavuta swichi chini.

Redio ya chumba cha mwisho ikafa.

Kimya kilichokuja hakikuwa cha kawaida. Kwa mara ya kwanza tangu ua ule ujengwe, hapakuwa na kitu cha kujificha nyuma yake. Wakasikia tone la bomba. Wakasikia nzi. Kisha wakasikia, kutoka nyuma ya ule mlango wenye kufuli, chini kabisa karibu na kizingiti: tok. Tok, tok.

Na kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda kisicho na mtu, redio zote za rafuni zikajibu kwa pamoja, kwa mdundo uleule: tok. Tok, tok.

Mswaki ulimdondoka kinyozi. Geti la bati, ambalo hakuna aliyeligusa, lilikuwa linatetemeka.

"Ni panya," alisema Mpole.

Kinyozi, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa mzaha, alisema bila kutabasamu: "Panya gani anabisha hodi?"

Akatembea akasimama kati ya Mpole na mlango. Hakuwa na silaha yoyote zaidi ya taulo begani. Wengine wakatoka vyumbani mwao, mmoja mmoja, wakasimama naye. Antena akapiga magoti, akatoa bisibisi, akaanza kufungua parafujo za komeo. Kufuli lilikuwa zuri, la chuma kizito. Parafujo zilikuwa za mtu yeyote.

Mlango ulipofunguka, haukufunguka wote, kwa sababu yeye alikuwa ameegemea. Mikono yake ilifungwa nyuma, mmoja umevimba na kugeuka upande usiopaswa. Mdomoni amefungwa tambara lililokuwa jeupe zamani, na pembeni mwa tambara hilo kulikuwa bado na shanga mbili tatu za gauni la harusi. Alikuwa akigonga mlango kwa kisigino. Hakuacha kugonga hata walipomfungua. Kisigino kiliendelea chenyewe, tok, tok, mpaka Antena alipokishika kwa mkono wake.

Mpole alisema samahani. Alisema kwa kila mtu, akiwatazama usoni mmoja mmoja, kana kwamba wamegongana naye njiani. Aliendelea kuisema hata polisi walipofika, na aliisema garini.

Bi Mkubwa alikuja mbio na beseni la maji na kanga safi.

"Usimwoshe, dada," alisema Antena. "Wala usimbadilishe nguo. Daktari amwone alivyo, aandike alichokiona."

Kinyozi akachutama. "Lakini dada yangu, ilikuwaje mpaka akakasirika hiv..."

"Wewe!" Antena hakupandisha sauti. "Ukimaliza swali hilo nitakufungua kwa bisibisi hii nione kama ndani una kitu. Asiulizwe alifanya nini." Akamgeukia mwanamke. "Mama, unataka nini?"

Ilichukua muda midomo kukubali.

"Maji ya kunywa," alisema. "Na mlango ubaki wazi."

Akanywa. Kisha akamwangalia Antena kwa jicho moja lililokuwa linafunguka, akauliza, "Zilifika?"

"Zilifika," alisema Antena.

Hapo ndipo Bi Mkubwa, ameshikilia beseni lake la bure, alipouliza kile ambacho ua mzima ulikuwa haujauliza. "Mwanangu, hivi jina lako nani?"

Akawaambia. Halitaandikwa hapa, kwa sababu Mpole ana ndugu, na ndugu wanatafuta. Walikuja kwa heshima na maneno ya kifamilia, wakitaka mambo yaishie nyumbani. Bi Mkubwa aliwasikiliza getini bila kufungua, kisha akawaambia kwamba nyumbani ndipo yalipoanzia, basi acha yaishie mahakamani. Kinyozi alikwenda kutoa ushahidi akiwa amevaa tai ya kuazima, na mzaha wake aliuacha nje ya mlango. Mwanamke mwenyewe alipewa chumba cha mbele, karibu na geti, bila masharti na bila kuharakishwa kusimulia. Alitaka komeo lenye kufungia ndani tu. Antena alilipigilia mwenyewe.

Redio za ua zilirudi kwa wenyewe. Zinatangaza mpira, zinatangaza vifo, zinakoroma mvua ikija. Hakuna mtu ndani yake tena. Ukienda pale leo utakuta zinazungumza kwa sauti ya chini, na jambo dogo tu likisikika, sahani tu ikivunjika, utaona mkono unanyooshwa kuizima, na watu wanatoka milangoni kuuliza.

Hadithi ingeishia hapo kama dunia ingekuwa ua mmoja.

Lakini juzi mchana Antena ameletewa redio nyingine. Imetoka mtaa mwingine, aliyeileta ni mtu wa heshima, amesema inakwaruza kidogo. Ameifungua. Ni safi. Ametoa betri. Ameng'oa spika. Ameinua boksi tupu sikioni, na mle ndani yupo mtoto wa kike, mdogo, anahesabu vidole kwa kunong'ona ili asilie, na kila akifika mwisho anaanza upya.

Antena amegeuza boksi kutafuta alama ya mwenyewe. Redio ni ya aina yako. Ina ule mkwaruzo unaoujua, pale ulipoiangusha.

Kwa hiyo weka chini unachosoma. Zima redio yoyote iliyobaki, zima na televisheni, nyamaza, usikilize ule ukuta. Ukisikia, usikohoe. Inuka, waite na wengine, muende mkabishe hodi mkiwa wengi, na aliyepo atoke hai, apelekwe kwa daktari, aaminiwe. Si kesho kukikucha. Antena alisubiri kukuche, na alikuta kimya.

Bado unasoma? Kisigino cha mtu kinagonga mlango. Nenda.